Pomboo Si Samaki: John Ray na Kazi ya Kuyapa Magonjwa Majina Yake

Mgonjwa anapotoka maabara akiwa na karatasi mkononi, jamaa waliomsindikiza humuuliza ameonekana na nini. Jibu lake aghalabu ni fupi: ana wadudu wawili. Mwingine aliyepewa dawa ya minyoo atasema ana wadudu tumboni. Mwenye jino bovu atasema limeliwa na wadudu, na mwenye kidonda kisichopona atasema wadudu wameingia. Mbu aliyeleta malaria naye ni mdudu. Kimelea, mnyoo, bakteria, kirusi na mbu, viumbe vilivyo mbali kabisa kimaumbile, vyote vimekaa chini ya jina moja.

Katika mazungumzo ya nyumbani neno hilo halina kosa. Lugha nyingi za dunia huvitia viumbe vidogo katika kapu moja, na watu wakaelewana. Katika chumba cha tiba, hata hivyo, kapu hilo linaweza kugharimu uhai. Dawa ya minyoo haimponyi mwenye malaria, na dawa mseto ya malaria haimponyi mwenye homa ya matumbo. Anayetibu asipojua kilichomo ndani ya kapu, hutibu jina na kumwacha mgonjwa.

Tatizo hilo si geni, wala si la Waswahili peke yao. Karne tatu na zaidi zilizopita, wasomi wa Ulaya walikuwa na kapu la namna hiyo hiyo. Neno la Kilatini insecta, ambalo leo wataalamu hulitumia kwa viumbe wenye miguu sita, wakati huo lilibeba pia buibui, tandu, ruba, minyoo ya udongoni na hata minyoo ya matumboni. Miongoni mwa watu walioanza kulimwaga kapu hilo na kupanga upya yaliyomo, pamoja na makapu mengine makubwa zaidi, ni Mwingereza aliyeitwa John Ray. Hakuwa tabibu. Hata hivyo, njia aliyoifuata katika kuwapanga wanyama ina funzo ambalo kila anayetafuta jina la ugonjwa, na kila anayelisubiri jina hilo kwa hofu, angefaidika kulijua.

Mwana wa mhunzi

Ray alizaliwa mwaka 1627 katika kijiji cha Black Notley, jimbo la Essex, mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi. Mama yake alijulikana kwa kuwatibu majirani kwa mitishamba. Kijana huyo alipata nafasi ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akabaki huko kuwa mwalimu. Huenda angelimaliza maisha yake akifundisha Kigiriki na hesabu lau asingeugua. Ugonjwa ulimlazimu apumzike vitabu na kutembea mashambani ili apate nafuu. Katika matembezi hayo aliyatazama majani na maua aliyokuwa akiyapita miaka yote bila kuyaona, na alipotafuta mtu wa kumfundisha habari zake hakumpata. Akaamua kujifundisha mwenyewe. Mwaka 1660 alichapisha orodha ya mimea inayoota pembezoni mwa Cambridge.

Miaka miwili baadaye alipoteza kazi. Serikali iliwataka makasisi na walimu wakubali kwa maandishi masharti mapya ya kanisa la dola, naye dhamiri yake ikamkataza. Aliondoka chuoni bila mshahara. Mwanafunzi wake wa zamani, Francis Willughby, aliyekuwa tajiri, akamchukua, na kuanzia mwaka 1663 wakasafiri pamoja Ulaya bara wakikusanya mimea, ndege na samaki. Walikubaliana kwamba Ray ashughulikie mimea na Willughby ashughulikie wanyama. Willughby alifariki dunia mwaka 1672 akiwa bado kijana, akamwachia Ray posho ya pauni 60 kwa mwaka na mrundo wa maandishi yasiyokamilika. Ray aliyakamilisha. Kitabu cha ndege kilitoka mwaka 1676 na cha samaki mwaka 1686, vyote viwili vikiwa na jina la Willughby. Uaminifu huo kwa kazi ya mwenzake aliyekufa ni jambo ambalo vyuo vya leo, vyenye ugomvi mwingi wa majina juu ya karatasi za utafiti, vingefaa kulikumbuka.

Jedwali lililokataa

Kabla ya vitabu hivyo, Ray alipata somo moja chungu. Askofu John Wilkins alikuwa akitunga lugha mpya ambayo, kwa matumaini yake, ingewawezesha wasomi wa mataifa yote kuelewana. Kila kitu duniani kilipaswa kuwekwa katika jedwali, na kila jedwali lilikuwa na idadi ya nafasi iliyopangwa tangu mwanzo. Ray aliombwa kuijaza sehemu ya mimea. Alijaza, kazi ikachapishwa mwaka 1668, na baadaye akamwandikia rafiki yake, tabibu Martin Lister, akieleza fedheha yake: alikuwa amelazimika kuifuata njia ya mwenye jedwali, wala si njia ya maumbile. Mimea iliyokuwa ndugu ilitenganishwa ili nafasi zitoshe, na mimea isiyohusiana iliunganishwa ili nafasi zisibaki tupu.

Mhudumu wa afya anayesoma habari hizi hahitaji kuelezwa zaidi. Yeye huketi kila jioni na vitabu vya MTUHA, akiwapeleka wagonjwa wa siku nzima katika visanduku vilivyochapishwa. Visanduku hivyo vina faida kubwa. Bila hivyo wilaya isingejua inahitaji dawa ngapi wala ni mlipuko gani unaoanza. Hatari huja pale kisanduku kinapomtangulia mgonjwa. Mgonjwa wa homa anapoingia, na mkono wa mhudumu ukawa tayari umekwisha kuelekea kwenye mstari wa malaria kwa sababu ndio mstari uliozoeleka, hapo jedwali limechukua kazi ya macho. Ray alitambua kosa hilo ndani ya kazi yake mwenyewe, akalikiri kwa maandishi, na akatumia miaka yote iliyobaki kulisahihisha.

Moyo ndani ya kifua

Wasomi wengi wa zama hizo waliwapanga wanyama kwa mambo yanayoonekana upesi: anaishi wapi, ana miguu mingapi, anatembea vipi. Anayeogelea ni samaki, anayeruka ni ndege, mwenye miguu minne ni mnyama wa kundi lake. Kuna waliowapanga kwa alfabeti tu.

Mwaka 1671 Royal Society ya London ilichapisha maelezo ya Ray kuhusu pomboo mdogo wa bahari za kaskazini aliyempasua. Kwa nje kiumbe huyo alikuwa samaki mtupu: mapezi, mkia, ngozi telezi, maisha yake yote majini. Kwa ndani habari ilikuwa nyingine. Alikuwa na mapafu mahali pa matamvua. Moyo wake ulifanana na moyo wa wanyama wa nchi kavu wenye miguu minne, na kadhalika viungo vyake vya uzazi na ubongo wake. Kisu kilikuwa kimesema jambo ambalo jicho la mvuvi halikulisema.

Funzo la pomboo lilikomaa katika kitabu cha mwaka 1693, ambacho Ray alikiandika kwa Kilatini kuhusu wanyama wenye miguu minne na jamii ya nyoka. Humo aliweka jedwali jipya la wanyama wenye damu, lililojengwa juu ya maswali matatu. Je, mnyama anavuta hewa kwa mapafu au kwa matamvua? Moyo wake una ventrikali mbili au moja? Anazaa au anataga? Wenye mapafu na ventrikali mbili wanaozaa wakawa kundi moja, na ndani yake wakaingia ng'ombe, mbwa na pia nyangumi na pomboo. Wenye mapafu na ventrikali mbili wanaotaga wakawa ndege. Wenye mapafu na ventrikali moja wakawa chura, mjusi na nyoka. Wenye matamvua wakawa samaki.

Inafaa kulitafakari kundi la tatu. Chura na mjusi wana miguu minne kama ng'ombe; nyoka hana hata mmoja. Aliyehesabu miguu angewaweka mbali kabisa. Ray aliutazama moyo, akawaweka jirani. Baadaye, ndani ya kundi la wanyama wanaozaa, alitazama kwato na kucha, idadi ya vidole, mpangilio wa meno, na kama mnyama anacheua au hacheui. Hakuchagua alama moja na kuitawaza mfalme. Alizikusanya alama nyingi, akauliza zinakubaliana wapi, na mahali zilipopingana akaandika kwamba zinapingana.

Kazi hiyo ilikuwa na kasoro zake. Mgawanyo wa wanyama wenye damu na wasio na damu aliurithi kwa Aristotle, nao haukuwa sahihi. Hata pomboo, ambaye jedwali lilikwisha kumtoa kundini, Ray hakuwa na ujasiri wa kumwondoa kabisa katika vitabu vya samaki. Mazoea ya watu yalikuwa na nguvu mno. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye yeye alikuwa tabibu, alipowaondoa nyangumi na pomboo kwa samaki na kuwaweka pamoja na wanyama wanaonyonyesha. Tangu ushahidi ulipochapishwa hadi jina lilipobadilika, miaka 87 ilipita. Katika tiba pia ushahidi huenda mbele na mazoea hukokota mguu nyuma.

Undugu ni wa uzao

Mchango wa pili wa Ray unahusu swali linaloonekana rahisi: viumbe wawili wanaotofautiana, ni wa aina moja au aina mbili? Katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa cha mimea, mwaka 1686, alijibu kwamba alama ya kuaminika ni uzao. Tofauti zinazoweza kutokea katika mbegu za mmea mmoja, kama rangi ya ua au ukubwa wa jani, hazifanyi aina mpya. Fahali na jike la ng'ombe hawafanani, mwanamume na mwanamke hawafanani, lakini hakuna anayesema ni aina mbali mbali, kwa kuwa wametoka kwa wazazi wamoja. Huo ulikuwa miongoni mwa misingi ya mwanzo ya maana ya spishi kama inavyotumika katika biolojia.

Msingi huo ulimsaidia katika kazi ya mwisho ya maisha yake, kazi ya wadudu. Kiwavi na kipepeo hawafanani hata kidogo, ila mmoja ni utoto wa mwingine. Ray aliwapanga wadudu kwa kutazama namna wanavyobadilika umbo tangu yai hadi utu uzima. Vilevile alisimama pamoja na tabibu wa Italia, Francesco Redi, ambaye mwaka 1668 alikuwa ameonyesha kwamba funza katika nyama iliyooza hutokana na mayai ya nzi. Ray alikataa kabisa wazo kwamba viumbe huzuka wenyewe katika uozo. Kila mdudu ana wazazi. Kwa masikio ya leo sentensi hiyo ni ya kawaida. Katika karne ya 17 ilikuwa msumari wa kwanza katika jeneza la imani iliyodumu miaka elfu mbili. Bila msumari huo, wazo kwamba ugonjwa una chanzo hai kinachotoka mahali fulani na kupita njia fulani lisingepata pa kusimama.

Wakati wa kazi hiyo Ray alikuwa mgonjwa. Vidonda vya miguu vilimtesa miaka mingi, akawa hawezi kwenda mbali na nyumba yake ya Black Notley. Binti zake walimletea viwavi na nondo, naye akavieleza kimoja kimoja akiwa kitini. Alifariki dunia mwezi Januari 1705. Kitabu chake cha wadudu kilichapishwa mwaka 1710.

Kutoka kwa wanyama hadi kwa magonjwa

Ray alipokuwa akipanga mimea na wanyama, tabibu mmoja wa London, Thomas Sydenham, alikuwa akitamani jambo hilo hilo kwa magonjwa. Katika dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1676, Sydenham alishauri kwamba magonjwa yapangwe katika aina zilizo wazi, kwa uangalifu ule ule wanaoutumia wataalamu wa mimea. Matabibu wengi wa wakati huo walimwona kila mgonjwa kuwa na ugonjwa wake wa pekee, uliotokana na kuharibika kwa mizani ya majimaji ya mwili wake. Sydenham alidai kwamba surua ya mtu mmoja na surua ya mtu mwingine ni surua ile ile, kama vile mwarobaini wa ua huu na wa ua ule ni mwarobaini. Kutoka hapo ikatokea njia ndefu. Linnaeus mwenyewe alichapisha orodha ya makundi ya magonjwa mwaka 1763. Orodha ya kimataifa ya sababu za vifo ilianza mwaka 1893, na toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa la Shirika la Afya Duniani lilianza kutumika rasmi Januari 2022.

Hivyo kila mara daktari anapoandika jina la ugonjwa kwenye faili, anafanya kazi ya ukoo wa Ray. Swali ni kama anaifanya kwa njia ya Ray, yaani kwa kutazama ndani na kukusanya alama nyingi, au kwa njia ya wale waliohesabu miguu.

Homa ni miguu, si moyo

Mfano ulio karibu ni homa. Joto la mwili ni alama ya nje, kama mapezi ya pomboo. Linaonekana na kila mtu, nalo ni la kweli, lakini peke yake halitaji ukoo wa ugonjwa. Mwaka 2004 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania kwa wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Chini ya nusu yao ndio waliokuwa na vimelea vya malaria katika damu. Linaloumiza zaidi ni kwamba vifo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa wale wasio na vimelea, na wengi kati yao hawakupewa dawa za bakteria. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2013 uliwachunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa mjini Moshi. Zaidi ya nusu walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kwa hakika hawakufika asilimia 2. Miongoni mwa vyanzo vilivyopatikana ni magonjwa ambayo watu huyapata kwa wanyama: leptospirosisi inayopita katika mkojo wa panya na mifugo, bruselosisi ya ng'ombe na mbuzi, na homa ya Q.

Matabibu wa hospitali hizo hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa na kapu kubwa lililoitwa malaria, na kwa miaka mingi kapu hilo lilikuwa limewaokoa watu wengi. Malaria ilipoanza kupungua katika baadhi ya maeneo, kapu lilibaki na ukubwa wake wa zamani. Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, awe mtoto au mtu mzima. Kipimo cha haraka cha tone moja la damu ni kisu cha Ray kilichofanywa kidogo kiasi cha kutosha zahanati ya kijijini. Ajabu ni kwamba bado yupo mhudumu anayekitumia, akaona jibu ni hasi, kisha akaandika dawa mseto vile vile. Huyo amempasua pomboo, ameyaona mapafu, na bado anamwita samaki.

Mfano wa pili una uchungu zaidi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mtoto anayekakamaa na kugeuza macho huambiwa ana degedege. Jina lenyewe limehusishwa na dege, ndege au nondo anayeruka usiku, na kwa muda mrefu familia nyingi ziliamini kwamba hali hiyo ni ya aina tofauti kabisa na homa, hivyo tiba yake haiko hospitalini. Wazazi hao hawakuwa wakimtelekeza mtoto. Walifuata uainishaji waliourithi, uliojengwa juu ya jambo lililoonekana wazi: mtoto mwenye homa hulala, mwenye degedege hutupa mikono na miguu. Kwa ndani, hata hivyo, degedege mara nyingi ni kipepeo wa kiwavi kile kile. Homa iliyoanza juzi ndiyo iliyobadilika umbo leo, na nyuma yake inaweza kuwapo malaria iliyofika kwenye ubongo au uti wa mgongo ulioambukizwa. Mtoto huyo anahitaji kufikishwa kituoni saa ile ile. Mhudumu anayemkemea mama kwa kuchelewa hajamsaidia. Anayemweleza kwamba homa ya juzi na mtukutiko wa leo ni watoto wa mama mmoja, amempa uainishaji mpya utakaomwokoa mtoto wa pili.

Mbu wanaofanana

Anayedhani kwamba kuainisha wanyama ni anasa ya makumbusho na awatazame mbu. Ronald Ross, aliyekuwa akitafuta nchini India njia ya malaria, alipoteza muda mrefu akipasua mbu wa jamii zisizobeba malaria ya binadamu. Mwezi Agosti 1897, alipomgeukia mbu mwenye mabawa ya madoadoa, akaziona dalili za kimelea katika tumbo lake. Kimelea alikuwapo siku zote; tatizo lilikuwa ni mbu yupi wa kupasua.

Katika miaka ya 1950, mradi wa kupulizia dawa nyumba za Pare na Taveta, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ulimwangamiza mbu aitwaye Anopheles funestus majumbani. Kisha mbu wanaofanana naye sana wakaongezeka. Aliyetazama kwa haraka angesema dawa imeshindwa. Wataalamu walitazama kwa makini, wakakuta ni spishi nyingine, Anopheles rivulorum, ambayo hupenda zaidi damu ya ng'ombe. Jina moja lingemaanisha mradi umeanguka. Jina la pili lilimaanisha umefaulu.

Kuhusu Anopheles gambiae, mbu mashuhuri kuliko wote barani Afrika, iligundulika kwamba jina hilo moja lilificha spishi kadhaa zisizoweza kutofautishwa kwa macho. Kilichowafichua ni kipimo ambacho Ray angekitambua mara moja: uzao. Watafiti walipowazalisha pamoja mbu wa makundi mbalimbali maabarani, madume waliozaliwa walikuwa tasa. Tofauti hiyo ina uzito hadi leo. Spishi mojawapo huuma watu usiku ndani ya nyumba, na chandarua humkabili vizuri. Ndugu yake, Anopheles arabiensis, huuma pia nje na huridhika na damu ya ng'ombe, hivyo chandarua peke yake hakimtoshi.

Pingamizi na jawabu

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo haya ni ya wenye hospitali kubwa. Zahanati yenye mhudumu mmoja, foleni ya watu hamsini na umeme wa kubahatisha haina nafasi ya kutafuta majina ya Kilatini. Pingamizi hilo lina ukweli na linastahili heshima. Lakini Ray mwenyewe alifanya kazi bila maabara ya maana, mwisho wa maisha yake akiwa hawezi hata kutembea. Alichokuwa nacho ni mpangilio wa maswali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kumtibu mtoto mgonjwa, unaotumika katika zahanati nyingi, umejengwa hivyo hivyo: tazama, uliza, hesabu pumzi, kisha ainisha kwa rangi nyekundu, njano au kijani. Hauhitaji mashine. Unahitaji mhudumu asiyeruka hatua. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyeumwa na nyoka. Mara nyingi nyoka hajulikani, na kumfukuza ili ajulikane ni hatari. Lakini uvimbe unaoenea, damu isiyoganda, au kope zinazoanguka na pumzi inayofifia ni alama zinazotaja kundi la sumu, na matibabu huanzia hapo.

Wengine watasema mgonjwa hana haja ya jina, ana haja ya dawa. Hilo si sahihi. Mgonjwa aliyeambiwa tu kwamba ana wadudu atanunua dawa ile ile dukani mara ya pili, na atamgawia jirani mwenye wadudu wa aina nyingine. Aliyeambiwa kwamba ana bruselosisi, na kwamba huenda aliipata katika maziwa yasiyochemshwa, ameondoka na tiba yake na kinga ya familia yake.

Yanayotakiwa si makubwa. Mhudumu asiandike jina ambalo hajalithibitisha. Kipimo kikiwa hasi na chanzo hakijajulikana, aandike homa ya chanzo kisichojulikana, na aendelee kutafuta. Kuandika hivyo si aibu, kwa kuwa Ray naye aliacha wazi mahali ambapo alama zilipingana. Mwenye mamlaka juu ya takwimu asimwadhibu anayeandika hivyo, wala asimsifu anayejaza visanduku vyote. Mgonjwa naye, kabla ya kuondoka, aulize mambo matatu kwa adabu na bila woga: ugonjwa huu unaitwaje, umejulikanaje, na dalili gani ikitokea nirudi upesi. Akijibiwa kwamba ana wadudu, na aulize tena ni wadudu gani.